Mpini mrefu, slaidi fupi: bastola ya mlinzi au ya mfanyabiashara?

Mwezi wa saba nilimpelekea seremala mmoja wa Ng'ambo, hapa Tabora mjini, vipande viwili vya mninga na karatasi yenye vipimo. Nilitaka anikatie maumbo mawili mfano wa herufi L. Mkono wa juu ulingane kwa yote mawili, milimita 174. Kimo ndicho kitofautiane: la kwanza milimita 139, la pili milimita 128. Akaniuliza ni vipuri vya mashine gani. Nikamwambia ni bastola mbili. Akanitazama, akacheka, akakata.

Sikutaka yafanane na bastola. Mtu akionekana mjini na sanamu ya bastola kiunoni, maelezo yake atayatolea kituoni. Nilitaka mabanzi tu, yenye urefu sahihi, ya mtu kuvaa kiunoni kwa majaribio, kwa sababu watu wawili walikuwa wameniuliza swali moja ndani ya wiki moja. Wa kwanza ni mfanyabiashara wa mchele na asali, mtu wa makamo, ambaye maombi yake ya kumiliki silaha yako njiani. Wa pili ni msimamizi wa kampuni ya ulinzi ambayo walinzi wake hubeba shotigani, naye anataka bastola chache kwa wale wanaosindikiza fedha. Wote wawili walikuwa wamesikia habari za Glock 19X, bastola yenye slaidi ya saizi ya kati na mpini wa saizi kamili, na kila mmoja akataka kujua kama inamfaa.

Kwa asiyeijua: slaidi ni ile sehemu ya juu ya chuma inayorudi nyuma kila risasi inapotoka. Kampuni ya Glock ya Austria ina bastola mbili maarufu kuliko nyingine zake. Glock 17, iliyoanza jeshini kwao miaka ya mwanzo ya 1980, ni kubwa: mtutu milimita 114, risasi 17 kwenye magazini, yaani kasha la risasi linaloingia ndani ya mpini. Glock 19, ya mwaka 1988, imepunguzwa juu na chini: mtutu milimita 102, risasi 15. Sasa chukua slaidi na mtutu wa 19, uviweke juu ya mpini wa 17. Hiyo ndiyo 19X. Ilizaliwa kwenye zabuni ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, ambayo Glock waliikosa Januari 2017 ilipokwenda kwa washindani wao, kampuni ya SIG Sauer. Mwaka uliofuata wakaitoa sokoni ikiwa na rangi ya mchanga, bila kile kitufe cha usalama ambacho jeshi lilikitaka. Baadaye ikaja ndugu yake mweusi, Glock 45, yenye marekebisho madogo.

Wazo lenyewe si geni. Colt, watengenezaji bastola wa Marekani, walikuwa na Commander tangu katikati ya karne iliyopita, mtutu umefupishwa na mpini umeachwa kama ulivyo. Beretta nao walifanya hivyo kwa toleo la 92 walilolipa jina la Centurion. Wanaoidharau 19X husema imeunganishwa kinyume, kwamba ukitaka bastola ya kuficha unapunguza mpini, si mtutu. Kuhusu kuficha, nakubaliana nao kwa asilimia zote.

Mtu akifunga bastola ndani ya suruali, mtutu unashuka pembeni ya paja, mahali ambapo nguo yoyote inaufunika. Kinachobaki juu ya mkanda ni mpini, nao umelala kuelekea mgongoni kama kiwiko. Ukiinama mbele, kiwiko hicho kinainuka na kusukuma shati. Kwa hiyo zile milimita 12 zilizokatwa kwenye mtutu zimekatwa mahali ambapo hapakuwa na tatizo, na milimita 11 za mpini zimeachwa palepale penye tatizo. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: slaidi ndefu humsaidia anayeficha. Inaegemea paja chini, na kwa kuegemea huko inausukuma mpini uingie mwilini. Ukiifupisha, mzigo wote wa risasi unabaki juu ya mkanda na mpini unalegea kwenda nje.

Mfanyabiashara wangu alivaa banzi refu, lile la kimo cha 19X, siku tatu. Kazi yake ni ya kuinama. Anainama kwenye mizani, anainama kuonja asali kwenye ndoo, anainama kuchagua punje za mchele kiganjani. Siku ya kwanza kijana wa dukani alimuuliza kama mgongo unamsumbua. Siku ya pili alipanda bodaboda kwenda Ipuli, na upepo ukalibandika shati kiunoni hadi abiria wa pikipiki ya nyuma akaona kona. Na huo ulikuwa mwezi wa saba, wakati Tabora bado kuna ubaridi wa asubuhi na mtu anaweza kuongeza koti. Subiri mwezi wa kumi, jua linapounguza hata kivuli cha mwembe, uone ni nguo gani utavaa juu ya nguo.

Kaunda suti inaokoa. Vazi lile, na koti lake linaloshuka wima bila kuchomekwa, linaficha vizuri kuliko fulana yoyote, na kama mfanyabiashara huyu angekuwa mtu wa kaunda suti kila siku ningekuwa na maneno tofauti kidogo. Yeye ni mtu wa shati la kitenge na, siku ya Ijumaa, kanzu. Chini ya kanzu bastola inafichika kabisa, lakini kuifikia ni kazi nyingine, na vyovyote vile msikitini haina nafasi. Inabaki kwenye kasiki nyumbani.

Banzi fupi, lile la kimo cha Glock 19, alilivaa siku tano bila mtu kuuliza kitu. Milimita 11 ni upana wa kidole. Sikutegemea tofauti iwe kubwa kiasi hicho, nakiri.

Hata hivyo, mbao haipigi risasi. Upande wa pili wa hoja unaanzia hapo, na una nguvu kuliko watu wa kuficha wanavyokubali.

Nimewafundisha walinzi kulenga shabaha kwa miaka kadhaa, na kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote liko mkononi, si machoni. Mtu anashika bastola kama anashika kikombe cha chai. Risasi ya kwanza inaenda vizuri, mpini unahama kiganjani, ya pili inapanda, ya tatu hajui imekwenda wapi. Mpini mrefu unampa mahali pa kuweka vidole vyote vitatu vya chini na pembe ya kiganja cha mkono wa pili. Kwa mwenye kiganja kikubwa, Glock 19 ina kero ya ziada: kidole kidogo kinakaa ukingoni, na wakati wa kubadilisha magazini kwa haraka nyama ya kiganja inaweza kubanwa. Anayefanya mazoezi kila wiki anazoea. Mlinzi anayepiga risasi chache kwa mwaka, kwa sababu risasi hazinunuliwi kama maandazi, hazoei. Huyo msaidie kwa umbo la silaha, maana mazoezi hatayapata.

Niseme pia kwamba watu huchanganya urefu wa mpini na unene wake. Nimesikia msimamizi akisema walinzi wake wanawake wapewe 19 kwa sababu mikono yao ni midogo. Unene wa mipini ya 17, 19 na 19X ni uleule. Mkono mdogo hausaidiwi na mpini uliokatwa chini. Unasaidiwa na kuchagua kipande cha mgongo wa mpini kinachomfaa, au na bastola ya aina nyingine kabisa.

Na slaidi fupi inapoteza nini? Kidogo sana. Umbali kati ya alama ya mbele na ya nyuma za kulengea ni milimita 165 kwenye Glock 17 na 153 kwenye 19 na 19X. Ukikosea kupanga alama hizo kwa milimita moja, kwenye mita 10 bastola ndefu itakukosesha kama milimita 61, fupi kama milimita 65. Tofauti haifiki hata unene wa penseli. Kasi ya risasi nayo inapungua kwa mita chache tu kwa sekunde. Mwenye kukosa shabaha kwa 19X angeikosa hata kwa 17.

Anachopata mlinzi ni nafuu ya kukaa. Wanaosindikiza fedha wanashinda ndani ya gari, mkanda wa kiti umebana, holsta, yaani ala ya bastola, iko nyongani. Mtutu mrefu hugota kwenye kiti na kuisukuma bastola yote juu kuelekea mbavuni. Njia ya Kaliua hadi Uvinza kwa siku moja, kwenda na kurudi, inatosha kukufundisha thamani ya sentimita moja na ushei. Na kwa kuwa yeye hafichi kitu, kasoro kubwa ya bastola hii kwake haipo. Mpini ukionekana, ndiyo kazi yake: anayemtazama ajue kwamba fedha hizi zina mwenyewe.

Majeshi hayajakubaliana. Uingereza walichagua Glock 17 mwaka 2013, Ufaransa wakaichukua 17 ya kizazi cha tano, yaani toleo lake la tano, mwaka 2020, wakati 19X tayari ilikuwa sokoni. Wamarekani wamegawanyika wao kwa wao. Katika zabuni ileile iliyoishinda Glock kulikuwa na bastola mbili za SIG Sauer, M17 ndefu na M18 fupi, zote za risasi 17, na Jeshi lao la Anga pamoja na kikosi cha Marine wakachukua fupi. Kwa hiyo anayekwambia jeshi limethibitisha hili au lile, muulize jeshi gani.

Kuna kitu kimoja kwenye 19X ambacho ningekiona urembo kama nisingekuwa nimekaa Kigoma. Nyuma ya mpini, chini, kuna kitanzi cha kufungia kamba. Kwa mlinzi wa benki ni kitu cha kunasa kwenye mlango wa gari. Kwa askari anayepanda boti kutoka Kibirizi kwenda Gombe, au safari ndefu zaidi ya Mahale, kamba ile ndiyo tofauti kati ya bastola iliyoponyoka mkononi na bastola iliyozama. Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani, zaidi ya mita 1,400. Silaha ya serikali ikiingia humo haitafutwi, inaandikiwa barua.

Dosari iliyonikera zaidi ni ndogo na ya kijinga. Mbele ya mpini wa 19X, chini kabisa, wameacha mdomo mdogo wa plastiki, na magazini za kizazi cha tano zenye kitako kilichochomoza mbele hazikai. Mtu ananunua magazini ya akiba akidhani Glock ni Glock, anafika nayo Tabora, haiingii. Glock 45 imeondoa mdomo huo na kupanua kidogo mlango wa magazini, kwa hiyo kwa kampuni ya ulinzi ningependekeza 45 kabla ya 19X. Isipokuwa wa ziwani. Yeye anahitaji kile kitanzi.

Kwa mfanyabiashara, magazini ndizo zilizomaliza mjadala. Magazini ya Glock 17 inaingia kwenye Glock 19, inaning'inia tu kidogo chini. Kinyume chake hakiwezekani, magazini ya 19 ni fupi mno kwa 19X. Maana yake mwenye 19 anaweza kutoka asubuhi na magazini fupi, na usiku akaweka ya risasi 17 kwenye kasiki karibu na kitanda. Mwenye 19X amefungwa kwenye urefu mmoja. Na kibali hutolewa kwa silaha moja yenye namba yake. Maombi yanaanzia serikali ya mtaa, yanapita kwenye kamati za ulinzi na usalama, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imekaza masharti hayo, mafunzo yakiwemo. Ukikosea saizi, hurudishi dukani kama viatu.

Wote wawili niliwaambia neno moja bila kupima pande mbili, kwa sababu halina pande mbili. Bastola hizi hazina kitufe cha nje cha kuzuia. Usalama wake mkuu uko kwenye triga (kifyatulio) yenyewe, nayo inataka kidole, au kitu chochote kinachofanana na kidole, kama pindo la shati au funguo. Kuichomeka kiunoni bila holsta ngumu inayofunika triga, kama ninavyoona baadhi ya wazee wakifanya na bastola zao za zamani, ni kuomba risasi ya paja. Holsta nzuri haipatikani kirahisi huku kwetu, na fundi viatu, hata awe hodari vipi, ngozi yake laini itakunjika na kuingia palepale isipotakiwa. Iagize pamoja na bastola.

Msimamizi wa ulinzi ameandika maombi ya bastola nne, zote za mpini mrefu. Mfanyabiashara kibali chake hakijatoka. Bado anavaa lile banzi fupi la mninga, na mkewe ndiye anayemkagua kila asubuhi mlangoni: anamwambia ainame, ageuke, ainame tena.