Foleni Isiyosogea

Fundi anayenishonea nguo hapa Kayole, Nairobi, ni Mkongomani. Kitenge kikipita mikononi mwake kinakaa mwilini kama ulizaliwa nacho, lakini giza likianza kuingia anakazana kufunga duka kabla askari wa doria hawajapita. Karatasi yake ya ukimbizi iliisha muda. Ameomba mpya, anasubiri. Wakimkuta, ni seli au kitu kidogo.

Jirani yake mwenye duka la viatu ni Mtanzania, na kibali anacho. Juzi aliniambia, "Dada, mimi nimelipa, nimepanga foleni hadi miguu ikavimba. Huyu je?"

Swali lake ni la haki, na sisi tunaotetea wakimbizi huwa tunalikwepa. Aliyefuata sheria asifanywe aonekane mjinga. Ila hasira yake imemwangukia asiyehusika. Wote wawili walipanga foleni. Moja ilisogea, nyingine ikasimama.

Sheria zenyewe zinavutana. Ile ya Kenya ya Wakimbizi ya 2021 inamtambua mkimbizi kama mtu anayeweza kufanya kazi na biashara. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 2010, inataka watu na wafanyakazi wavuke mipaka kwa uhuru, na Kongo iliingia katika jumuiya hiyo 2022, Somalia 2024. Lakini Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inaweza kumfunga asiye na kibali hadi miaka 3, au kumtoza faini ya hadi shilingi 500,000, au vyote viwili. Mwekezaji mwenye mtaji wa dola 100,000 ana kibali chake. Mrundi anayezunguka na njugu karanga kwenye ndoo, mlango wake ni upi?

Misako haijibu hilo. Aprili 2014, wakati wa operesheni ya Usalama Watch, Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, iliamshwa kwa milango kugongwa. Maelfu walikamatwa, wengi wakazuiliwa uwanjani Kasarani. Wasomali Wakenya, wenye vitambulisho mfukoni, walizolewa pia. Pale kilichokaguliwa kwanza ni sura.

Na tunajua njia nyingine. Wamakonde, ambao asili yao ni Msumbiji, walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 kudai uraia, wakapata vitambulisho. Washona, ambao wazee wao walikuja kutoka Zimbabwe miaka ya 1960, walitangaziwa kupewa uraia 2020. Hakuna Mkenya aliyepungukiwa kwa hilo.

Basi anayesubiri karatasi mpya apewe stakabadhi ambayo askari ataiheshimu mpaka ajibiwe. Kuwe na kibali cha bei ya muuza njugu. Na mwajiri anayelipa nusu mshahara kwa kujua mfanyakazi wake hawezi kushtaki, huyo ndiye atangulie kortini.

Gauni langu la harusi ya mdogo wangu liko kwa fundi. Ameniambia nilifuate kabla ya saa kumi na mbili.