Risasi Mbili za Chicago

Mjomba alitua Chicago na onyo alilopewa na kijiwe kizima cha kahawa kule Tanga: Marekani ukisikia "pa!", usiulize, lala chini. Kila mlango wa gari uliobamizwa ulimfanya aangalie kushoto na kulia.

Nikasema huyu nimpeleke mahali pa utulivu. Maisha yake yote alikuwa fundi redio, kwa hiyo nikaona makumbusho ya mashine za pinboli, zile meza za kuchezea gololi chini ya kioo, nje kidogo ya mji, yatamfaa. Chicago ndiko zilikotengenezwa kwa wingi. Kampuni za Gottlieb, Bally, Williams, zote za huku huku. Unalipa mlangoni, kisha unacheza mpaka vidole vikuombe radhi.

Alianza na zile kongwe za miaka ya 1930: meza ya mbao, kioo juu, vishimo vilivyozungushiwa misumari. Unaachia gololi, basi, kilichobaki ni dua.

"Mjomba, hii si kamari hii?" akaniuliza, akarudi nyuma kama anayeinusuru kanzu yake.

Wala hakuwa wa kwanza. Meya La Guardia wa New York alizipiga marufuku mwaka 1942, zikavunjwa kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Nikamvuta haraka hadi kwenye Humpty Dumpty ya 1947, ya kwanza kuwekwa flipa, vile vibawa vya umeme vinavyorudisha gololi juu ukibonyeza kitufe ubavuni. Hiyo ilikuwa navyo sita. Nikamsimulia na kisa cha Roger Sharpe, aliyecheza mbele ya madiwani wa New York mwaka 1976: alitaja gololi itapita wapi, nayo ikapita pale pale, na marufuku ikaondolewa.

"Basi ni kazi ya mikono," Mjomba akatoa fatwa, akakunja mikono ya kanzu.

Akachagua moja ya miaka ya 1960, yenye kengele za kweli na namba zinazozunguka. Sasa Mjomba hachezi kimya. Gololi ikipanda anaisindikiza kwa bega, ikishuka anaitukania ukoo. Ilipoelekea katikati, pale flipa hazifiki, akaikamata meza mikono miwili akaitikisa. Taa ikawaka TILT, flipa zikafa, gololi ikazama zake.

"Nimeiunguza!"

Mhudumu, kijana mmoja mwenye ndevu, akacheka, akafungua kimlango cha mbele. Ubavuni kwa ndani kulikuwa na kichuma kinaning'inia katikati ya pete. Meza ikitikiswa sana, kichuma kinagusa pete, umeme unapita, mchezo unakatika. Mjomba akaingiza kichwa chote humo, kofia na yote. Alipokitoa uso unang'aa. "Mjomba, humu hakuna hata transista! Koili na rilei tupu!"

Kijana hakutueleza jambo jingine. Ukifikisha pointi za kutosha unazawadiwa mchezo wa bure, na pongezi zenyewe hutolewa na kipande cha chuma kinachorushwa na koili kugonga sanduku kwa ndani. Kwa nguvu zote.

PA!

Sikuona alivyoshuka. Niliona kanzu ikipita, nikahisi mkono umenasa kwenye mkanda wangu. "Lala chini, Mjomba!" Nikashuka. Ila suruali niliinunua kabla sijanenepa, ikagoma njiani. Krraaa! Kutoka chini ya zipu mpaka kiunoni nyuma.

"Ya pili hiyo! Tambaa!"

Akaenda kwa viwiko kuelekea mlangoni, ananiburuta. Watoto wa mashine ya jirani nao wakalala, wakatambaa nyuma yetu wakicheka; walidhani ndivyo mchezo huo unavyochezwa. Mama yao akauliza kama tunahitaji daktari. Mimi nilihitaji kanga.

Kijana wa ndevu akachuchumaa, akasema mzee ameshinda. Nikatafsiri.

"Nimeshinda nini?" Mjomba akauliza, bado kifudifudi.

"Mchezo mmoja wa bure."

Akawaza kidogo. "Unachezwa hivi hivi tumelala?"

Aliucheza amesimama, na bila haya akaendelea hadi kwenye mashine za kisasa, zile zenye skrini na maneno mengi. Mimi nilimfuata kikaakaa, mgongo ukutani, nikisifia kila picha iliyotundikwa.

Usiku Mama akapiga simu. Nikajua kaka yake amekwishapeleka habari.

"Mwanangu, pole. Risasi mbili!"

"Mama, hakukuwa na risasi. Ilikuwa ni mashine ya—"

"Usinifiche. Kasema ya kwanza ilimpitia sikioni, Mungu mkubwa. Suruali yako pia kaiona kwa macho yake." Akashusha sauti. "Sasa niambie ukweli, baba. Kukaa unaweza?"