Lina shingo, ana shingo

Gitaa langu la kwanza lilivunjika shingo kati ya Nairobi na Kisumu, safari ya ndege isiyofika hata saa nzima. Nililikabidhi likiwa zima ndani ya mfuko wa kitambaa, nikalipokea kichwa kikining'inia kwa nyuzi kama kuku wa Krismasi. Fundi wa magitaa alilitazama kwa muda mrefu, kisha akanieleza kwamba nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 70, usiku na mchana. Gitaa likiangushwa, mwili unatua lakini kichwa kinataka kuendelea na safari, na pale chini ya kichwa ndipo mti ulipo mwembamba.

"Ulilegeza nyuzi?"

Sikulegeza.

"Uliweka nguo kukitegemeza kichwa?"

Sikuweka. Akanitazama kama daktari anavyomtazama mtu aliyekunywa dawa ya ng'ombe.

Kwa hiyo la pili, nililolinunua kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Ahero na kulipa jina la Nyar Ahero, yaani binti wa Ahero, niliapa halitapanda ndege bila sanduku la mbao. Masanduku ya dukani yalikuwa ghali kuliko gitaa lenyewe. Binamu yangu anaoa Nairobi, ameniomba nipige benga kwenye sherehe, na siku zimebaki tano. Rafiki akanipa namba ya fundi wa Kibuye: "Huyu anatengeneza masanduku safi kuliko wote." Mimi nilikuwa Bondo kikazi, tukaelewana kwa simu. Naomba msomaji ayapime mazungumzo haya mwenyewe.

"Urefu?" fundi akauliza.

"Mita moja na kidogo."

"Mfupi, eh. Hata dani, nyanya yangu, mwishoni alikuwa amenywea hivyo hivyo. Pole sana, ndugu yangu. Mabega?"

"Sentimita 29 hivi. Halafu kiuno chembamba, na chini linapanuka hadi 40."

"Kawaida ya mama zetu. Ana uzito?"

"Hata kilo tatu halifiki."

Kimya. "Ugonjwa ni mbaya," akasema.

Hapo nilidhani simu inakatakata. Nikamwambia shingo ndiyo inayonitia hofu, kwa sababu la kwanza lilivunjika shingo kwenye ndege. "Wa kwanza pia?" Sauti yake ikashuka kabisa. "Jamani. Familia yenu imepitia mengi." Mimi nasema *lina*, yeye anasema *ana*. Nikadhani ni Kiswahili chetu tu cha huku ziwani, ambako ngeli tunaziokota njiani kama abiria wa matatu. Akauliza ndani aweke nini, nikamwambia kitu laini, lisitikisike. "Satini nyeupe iko." Nikasema weka. Nikatuma nusu ya pesa.

Sanduku lilifika kwangu Kondele saa moja na nusu asubuhi ya safari, ndege ikiwa saa nne. Kijana aliyelileta kwa mkokoteni alikuwa amevua kofia. Mbao zilipigwa vanishi mpaka nikajiona uso. Vishikio sita vya rangi ya dhahabu, vitatu kila upande: gitaa la kilo mbili na ushee, wabebaji sita. Na upande wa kichwa, juu ya kifuniko, kidirisha cha kioo.

Ningefanya nini? Nililegeza nyuzi, kila moja mizunguko mitatu, nikakivingirisha kichwa kwa taulo jeupe kama nilivyofundishwa, nikajaza soksi kandokando ya shingo, nikafunga. Kisha nikachungulia kwenye kioo. Ukitazama kutoka nje, mtu wa watu alikuwa amelala pale na sanda yake.

Mwenye tuktuk alizima redio bila kuambiwa. Akawasha taa zote za dharura, akaendesha polepole kama anayebeba mayai, na kila nilipomwambia akaze mwendo aliitikia, "Nakuelewa, bro, lakini heshima kwanza." Pale mzunguko wa Kondele boda boda wawili walituona. Mmoja akavunja tawi la mti, akalichomeka mbele ya pikipiki. Tulipoishika barabara ya Busia walikuwa saba, wanapiga honi, wanasimamisha magari, mmoja amesimama juu ya kiti mikono hewani. Sijawahi kufika uwanja wa ndege wa Kisumu haraka na polepole namna ile kwa wakati mmoja. Walikataa malipo. Mmoja alinipa shilingi mia.

Ndani, watu walinipisha kwenye foleni. Dada wa kaunta alilipima sanduku, akaona kilo 24 na tiketi yangu inaruhusu 20, akashusha sauti: "Leo tusiongelee kilo." Halafu akaomba kibali cha mazishi.

"Dada, hili ni gitaa."

Akanishika mkono. "Najua ni vigumu kukubali."

Nyuma yangu alisimama mzee mmoja wa kofia na bakora, na alikuwa amenyamaza kiasi alichoweza.

"Nyathina, mwanangu, mnampeleka wapi?"

"Nairobi, mzee. Kwenye harusi."

"Kwenye *harusi*?" Bakora ikagonga sakafu. Hapo nusu ya ukumbi ikageuka. "Watu huletwa nyumbani kutoka Nairobi. Tangu lini mtu akatolewa nyumbani kupelekwa Nairobi? Mimi nilifuata kesi ya wakili S.M. Otieno kwenye redio mwanzo hadi mwisho. Siku 154 bila kuzikwa, huku mahakama ikiulizwa alale Ngong au nyumbani kwao Nyalgunga. 1987 tukamlaza Nyalgunga. Halafu wewe leo unampandisha huyu mama ndege aende akalale makaburi ya Lang'ata na watu asiowajua?"

Mama mmoja alianza kulia. Sijui alikuwa analia nini, lakini alilia vizuri, na wawili wakamsaidia.

Nilikombolewa na mashine ya kukagua mizigo. Yule dada wa kwenye skrini alisogeza kiti karibu, akainamisha kichwa kulia, kisha kushoto. Kichwa kirefu, misumari sita pembeni. Shingo ya twiga. Kiuno. Tundu la duara katikati ya tumbo. Akamwita mkubwa wake, naye akatazama, akajikuna kidevu, akauliza, "Huyu aliumwa nini?"

Nikaamriwa kufungua. Kifuniko kilipoinuka mzee alivua kofia. Nikatoa soksi, nikatoa taulo, nikamwinua Nyar Ahero kutoka kwenye satini yake. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Askari akasema nithibitishe kwamba ni langu, nipige kidogo. Nikajisahau kabisa kwamba nimelegeza nyuzi. Nikakwaruza mara moja, ukatoka mlio kama wa mbuzi aliyekanyagwa na lori.

Mzee alirudisha kofia kichwani. "Afadhali angekuwa marehemu," akasema, akaenda zake kutafuta kiti.

Dada wa kaunta naye alikumbuka kilo zangu nne. Nikalipia.

Lakini Nairobi habari haikuwa imefika. Nilisimama kwenye ukanda wa mizigo nikitazama mabegi ya wenzangu yakitupwa kichwa chini miguu juu, mpaka mlango wa pembeni ukafunguka. Vijana wanne walitoka na sanduku langu mabegani, hatua moja, kituo, hatua moja, kituo. Wakaliweka chini taratibu mbele yangu. Mmoja akafuta vumbi kwenye kioo kwa mkono wa shati. Ndani hakuna hata soksi iliyohama.

Kesho yake, katikati ya sherehe, spika zikiunguruma na shangazi zangu wakiwa wameshafunga leso viunoni, simu ililia. Fundi wa Kibuye.

"Alifika salama?"

"Salama kabisa."

"Nasikia muziki. Disko matanga huko kwenu inapigwa mchana?"

"Hii ni harusi, fundi."

Alinyamaza mpaka nikadhani amekata.

"Basi," akasema, "kwenye zile bahasha za harusi, toa salio langu."