Njia ya waenda kwa miguu siyo ya bodaboda

Kila nikilalamika kwamba kukimbia Dar ni shida, naambiwa, "Si uende jimu!" Jamani, mimi sitaki jimu. Nimeshalipia, nikakaa miezi mitatu. Mashine ya kukimbilia unaisubiri nusu saa, aliyeipanda anatembea taratibu huku anachati. Feni zinazungusha joto lile lile, mbele yako ukuta. Mimi napenda kukimbia nje, alfajiri, jua halijawa kali.

Sasa toka uone. Njia ya waenda kwa miguu, pale ilipo, imeegeshwa magari. Pasipo na gari pana benchi la chapati na supu. Ukipata upenyo, bodaboda inakuja mbio nyuma yako na kukupigia honi, kana kwamba wewe ndiye mvamizi! Unashuka kwenye lami, daladala nayo inakupitia karibu na bega. Mwezi uliopita nilirukia mtaroni, kifundo cha mguu kikavimba wiki nzima. Dereva hata hakusimama.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Nizifanyie wapi? Daraja la Tanzanite, lililoanza kutumika 2022, lina njia nzuri pembeni. Lakini mimi naishi Mbagala. Nipande magari mawili, nimalize saa nzima kwenye foleni, ili tu nikakimbie? Ondoeni hizo pikipiki njiani huku kwetu, tupite!