Kabla ya kupiga upya, tutafute kilichoharibu

Hapa Mtwara mjini, kompyuta ikianza kujizima ovyo, jibu la mafundi wengi ni moja: "Tunapiga upya." Mafaili yanahamishiwa kwenye flashi, kila kitu kinafutwa, mfumo endeshi unapigwa mwingine, mteja analipa. Nami nimefanya hivyo kwa miaka. Siku hizi naona tabia hii inatudumaza, na kilichonibadilisha ni kazi iliyoninyima usingizi karibu wiki tatu msimu uliopita wa korosho.

Kuna chama kimoja cha msingi chenye laptopu mbili za mtumba, aina moja, zote zinatumia mfumo endeshi wa Linux. Karani huingiza humo uzito wa magunia ya wakulima kabla mzigo haujaenda ghala kuu kusubiri mnada. Oktoba mizigo ikaanza kumiminika, na laptopu nazo zikaanza kufa. Ukifunika, ikalala, kisha ukaifunua, mara inaamka salama, mara skrini inajaa maandishi meupe na hakuna kitufe kinachoitika. Tena zote mbili, wiki ileile. Kama ni diski kufa, isingekuwa kwenye mashine mbili kwa mpigo. Kilichokuwa kimebadilika ni sasisho, nalo lilileta kerneli mpya.

Kerneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi. Ndiyo inayozungumza na diski, kadi ya Wi-Fi na skrini. Programu ya kawaida ikikosea hufungwa peke yake. Kerneli ikikosea, mashine nzima inaweza kusimama.

"Fundi, piga tu Window, wakulima wako nje," karani aliniambia. Alikuwa na haki ya kuwa na haraka. Lakini kerneli ya zamani kwa kawaida hubaki kwenye menyu ya kuwashia. Niliichagua, mashine ikatulia, foleni ikasogea. Ile ya pili nikaondoka nayo hadi kwangu Chikongola.

Ningeweza kuishia hapo. Ila kubaki na kerneli ya zamani ni kubaki bila marekebisho mapya ya usalama, na mimi nilitaka kujua nini kiliharibika.

Toleo jipya la kerneli ya Linux hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na kati ya toleo moja na jingine huingia mabadiliko zaidi ya 10,000. Huwezi kuyasoma yote, wala huna haja. Mjomba wangu alikuwa fundi bomba Mikindani. Maji yasipofika nyumbani kwa mtu hakufukua mtaro wote. Alifukua katikati, akafungua kiungio. Yakiwepo, tatizo liko mbele. Yasipokuwepo, liko nyuma. Programu ya Git, inayotunza historia ya mabadiliko ya kodi, ambayo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kerneli hiyohiyo, ina amri ya kufanya vivyo hivyo. Unaitajia toleo zima, yaani lisilo na tatizo, na toleo bovu, nayo inakupa la katikati ulijenge na kulijaribu. Kila jibu linaondoa nusu. Mabadiliko 16,000 yanaisha kwa hatua 14 tu.

Gharama yake ni bando na muda. Historia nzima ya kerneli ni gigabaiti kadhaa, na Git ikikatikiwa na mtandao wakati wa kuipakua inaanza upya. Bando langu liliteketea mara mbili kabla sijajua kwamba tovuti ya kerneli inaitoa pia kama faili moja kubwa, ambalo unaweza kuendelea nalo pale ulipoishia. Fundi wa huku kwetu aanze na hilo. Kisha aiagize kerneli ijengwe na moduli, yaani vipande vyake, zile tu ambazo mashine yake inazitumia. Kwangu ujenzi ulishuka kutoka saa nyingi hadi chini ya saa moja.

Niliponaswa ni kwenye neno "zima". Nilikuwa nafunika na kufunua mara tano, isipokufa naandika zima. Hatua ya 14 ikanipeleka kwenye badiliko la kichakataji (prosesa) ambacho laptopu ile haina kabisa. Siku nne zikapotea. Nikakaa na daftari nikapiga hesabu: kama inakufa mara moja kati ya tano, kuna theluthi moja ya uwezekano kwamba kerneli mbovu itapita majaribio matano bila kufa. Ikipita majaribio 20, uwezekano huo unashuka hadi kama asilimia 1. Jibu moja la uongo hutupa nusu yenye ukweli, na Git haitairudia tena. Nikaanza upya, mara 20 kila hatua, kila moja nikiiandika.

Safari hii nikafika kwenye badiliko dogo la draiva ya Wi-Fi, yaani sehemu ya kerneli inayoiendesha kadi hiyo. Kazi moja ilikuwa inaanza wakati wa kuamka kabla sehemu yake ya kumbukumbu haijaandaliwa. Nikaliondoa badiliko lile peke yake kwenye kerneli mpya, nikajaribu tena: haikufa.

Nikawaandikia wanaoitunza draiva ile, nikiwatajia badiliko lenyewe. Wakanitumia marekebisho niyajaribu, yakashika. Torvalds ameshikilia kwa miaka mingi kwamba kilichokuwa kinafanya kazi kwa mtumiaji kisivunjwe na kerneli mpya, na kikivunjwa, kosa ni la kerneli. Lakini sheria hiyo itamlindaje mtu ambaye kilio chake hakijafika? Laptopu hizi za mtumba ziko kwetu. Mwandishi wa draiva huenda hana hata moja mezani, na kila tunapopiga upya kimyakimya tunafuta ushahidi ambao yeye angeuhitaji. Ndiyo maana vijana wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo siwaanzishi tena na kupiga upya. Nawapa daftari waandike: toleo gani, imelala mara ngapi, imeamka au imekufa.

Laptopu ya pili niliirudisha mwishoni mwa Novemba, ikiwa na kerneli mpya yenye marekebisho yale. Karani aliifunika na kuifunua mara nne mbele yangu, kisha akamwita mkulima anayefuata.