Viti Vitano vya Los Angeles na Waliochelewa Kuvikalia

Kuanzia Desemba 1996 hadi Desemba 2008, kwa miaka 12 mfululizo, Baraza la Wasimamizi la Kaunti ya Los Angeles, katika jimbo la California, halikupokea hata mjumbe mmoja mpya. Gloria Molina, Yvonne Brathwaite Burke, Zev Yaroslavsky, Don Knabe na Michael Antonovich waliketi pamoja tangu Bill Clinton alipokuwa akisubiri kuapishwa kwa muhula wake wa pili hadi Barack Obama alipokwisha kuchaguliwa. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka huo wa 1996 alimaliza shule ya sekondari bila kuona sura nyingine katika meza ile. Sisemi kwamba watano hao walikuwa viongozi wabaya, kwa kuwa baadhi yao ninawaheshimu sana. Ninachoshikilia, baada ya kuifuatilia historia ya baraza hili kwa muda mrefu, ni kwamba ni nadra wajumbe wake kubadilika kwa sababu tu wananchi walitaka mabadiliko. Wamebadilika pale kanuni zenyewe zilipobadilishwa: mipaka ilipochorwa upya, mihula ilipowekewa ukomo, na sasa idadi ya viti inapoongezwa.

Msomaji asiyeifahamu kaunti hii anahitaji kwanza kujua ukubwa wa mamlaka tunayoyazungumzia. Ndani yake mna miji 88 yenye serikali zake, pamoja na maeneo yasiyo chini ya mji wowote, ambako watu wapatao milioni moja hawana meya wala diwani na serikali yao ya karibu ni kaunti yenyewe. Hospitali za umma, magereza, ulinzi wa watoto walioondolewa katika familia zao, afya ya jamii na hata kuhesabu kura ni kazi za kaunti, nayo bajeti ya mwaka imepita dola bilioni 45. Wasimamizi watano hutunga sheria za kaunti na wao hao husimamia utekelezaji wake, kwa hiyo tangu zamani hapajakuwa na mkuu wa kaunti aliyechaguliwa na wananchi ambaye wangeweza kumwajibisha au wao kuwajibishwa naye.

Idadi hiyo ya watano iliwekwa katika katiba ya kaunti ambayo wapiga kura waliipitisha mwaka 1912. Sensa iliyotangulia, ya mwaka 1910, ilikuwa imehesabu watu 504,131, yaani takriban watu laki moja kwa kila msimamizi. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 10,014,009, na kila msimamizi akajikuta akiwakilisha takriban watu milioni mbili. Kwetu Nairobi, kaunti iliyohesabiwa watu 4,397,073 mwaka 2019 ina wadi 85, na kila wadi ina mwakilishi wake. Nafahamu kwamba wingi wa wajumbe hauhakikishi ubora wa kazi, na bunge la kaunti la Kenya lina mapungufu yake ambayo kila Mkenya anayajua. Hata hivyo, mwananchi wa Nairobi anaweza kukutana na mwakilishi wake msibani au sokoni, jambo ambalo mtu anayewakilisha watu milioni mbili hawezi kulitoa hata akiwa na nia njema kiasi gani.

Katika eneo kubwa namna hiyo, kumshinda aliyeko madarakani huhitaji fedha na jina ambalo watu wachache sana wanavyo. Kenneth Hahn alichaguliwa mwaka 1952 na akastaafu mwaka 1992, baada ya miaka 40. Mara ya mwisho kwa msimamizi aliyeko madarakani kushindwa katika uchaguzi ilikuwa mwaka 1980, na mmoja wa walioshindwa alikuwa Burke. Gavana Jerry Brown alikuwa amemteua mwaka uliotangulia kujaza nafasi iliyoachwa wazi, naye akawa mwanamke wa kwanza na mtu mweusi wa kwanza kuingia katika baraza hilo. Aliteuliwa katika Wilaya ya Nne, mojawapo ya wilaya tano za uchaguzi za kaunti, ya ukanda wa pwani, iliyokuwa na wakazi weupe wengi, na wapiga kura wa huko wakamchagua Deane Dana badala yake. Burke alirudi mwaka 1992 katika Wilaya ya Pili, baada ya Hahn kustaafu. Ni mtu yuleyule, mwenye elimu ileile na uzoefu uleule, na kilichotofautiana zaidi ni mstari uliochorwa kwenye ramani.

Ramani hiyo ndiyo kiini cha hoja yangu. Katika Marekani mipaka ya uchaguzi hupitiwa upya baada ya kila sensa, na mwaka 1981 kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wasimamizi wenyewe. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Wasimamizi wale waliichora mipaka kwa namna ambayo ingehifadhi viti vyao, na ili kuvihifadhi waliwagawa Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, jamii iliyokuwa ikikua kwa kasi kuliko zote, katika wilaya kadhaa, hata wasiweze kuwa wengi katika yoyote kati ya hizo. Kufikia sensa ya mwaka 1990 Walatino walikuwa karibu asilimia 38 ya wakazi wa kaunti, ilhali hapakuwa na Mlatino aliyeketi katika baraza tangu mwaka 1875.

Shauri lililofunguliwa mwaka 1988, ambalo linajulikana kwa jina la Garza, liliungwa mkono na Wizara ya Sheria ya Marekani na kusikilizwa na Jaji David Kenyon. Mwezi Juni 1990 aliamua kwamba ramani ile ilikiuka Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965, na kwamba kuwagawa Walatino hakukutokea kwa bahati mbaya. Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye mwezi Novemba mwaka huohuo. Katika uamuzi huo mna jambo moja ambalo kila mwenye kuchora mipaka, awe wa Los Angeles au wa Kenya, angepaswa kulikariri: haikuhitajika kuthibitisha kwamba wasimamizi wale waliwachukia Walatino. Ilitosha kwamba walijua njia ya kuhifadhi viti vyao ilipita juu ya haki ya jamii nyingine, na wakaipita. Mtu anaweza kumdhulumu jirani yake bila kumchukia hata kidogo, kwa kupenda tu kubaki mahali alipo.

Ramani mpya ilichorwa, uchaguzi wa Wilaya ya Kwanza ukarudiwa, na mwezi Februari 1991 Gloria Molina alimshinda Art Torres katika duru ya pili. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza hilo kwa kuchaguliwa na Mlatino wa kwanza baada ya zaidi ya karne moja. Wapiga kura waliomchagua hawakuwa wamehamia Los Angeles wiki iliyotangulia. Walikuwepo miaka yote.

Kanuni ya pili iliyobadilika ilikuwa ya mihula. Mwaka 2002 wapiga kura waliweka ukomo wa mihula mitatu ya miaka minne, lakini hesabu ilianza upya mwaka huo, na ndiyo maana Antonovich, aliyeingia baada ya uchaguzi wa mwaka 1980, aliweza kubaki hadi mwaka 2016. Ukomo ulipofika, mabadiliko yalikuja kwa kasi. Hilda Solis na Sheila Kuehl walichaguliwa mwaka 2014, Janice Hahn na Kathryn Barger mwaka 2016, na Holly Mitchell mwaka 2020. Baraza ambalo halikuwa limebadilika kwa miaka 12 lilibadilika lote kati ya mwaka 2014 na mwaka 2020, na Mitchell alipoapishwa mwezi Desemba mwaka huo, viti vyote vitano vilikaliwa na wanawake kwa mara ya kwanza. Kuehl alipoondoka mwaka 2022, nafasi yake ilichukuliwa na Lindsey Horvath.

Niliufurahia ushindi huo na bado naufurahia, ila nisingependa tuuone kuwa ni mwisho wa safari. Janice ni binti wa Kenneth Hahn, na Barger alikuwa mkuu wa ofisi ya Antonovich kabla ya kumrithi. Wote wawili walichaguliwa kihalali na wana sifa zao, lakini njia yao inaonyesha jinsi mlango wa baraza hili ulivyo mwembamba kwa mtu asiye na jina wala mtandao. Aidha, Wamarekani wenye asili ya Asia, ambao ni karibu asilimia 15 ya wakazi, hawajawahi kuchaguliwa katika baraza hili hata mara moja. Panapokuwa na viti vitano tu, jamii ya watu milioni moja na nusu waliotawanyika katika miji mbalimbali inaweza kukosa kiti milele bila mtu yeyote kuvunja sheria.

Kwa sababu hiyo niliunga mkono pendekezo lililoitwa kwa herufi G, ambalo lilipita kwa tofauti ndogo mwezi Novemba 2024 baada ya wapiga kura kuyakataa mapendekezo ya namna hiyo zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 2000. Baraza litakuwa na wajumbe tisa baada ya uchaguzi wa mwaka 2032, na mkuu wa kaunti atachaguliwa na wananchi kuanzia mwaka 2028. Waliopinga walikuwa na hoja nzito, hasa kuhusu mkuu huyo, ambaye mamlaka yake katika kaunti ya watu milioni kumi yatakuwa makubwa mno na ambaye ilifaa awekewe mihula yenye ukomo. Hoja ya gharama hainishawishi sana, kwa kuwa mishahara ya wajumbe wanne ni kitu kidogo mno mbele ya dola bilioni 45. Tena hata wakiwa tisa, kila mmoja atakuwa na watu zaidi ya milioni moja. Ningependelea wawe kumi na watano.

Jambo la kufuatiliwa kuanzia sasa ni uchoraji wa wilaya hizo tisa baada ya sensa ya mwaka 2030. Tangu mwaka 2021 kazi hiyo hufanywa na tume huru ya wananchi 14, si na wasimamizi wenyewe, na kwangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote zilizopigwa tangu hukumu ya Jaji Kenyon. Tume hiyo husikiliza watu hadharani kabla ya kuchora mistari yake. Wenye viti na wanaovitamani watapeleka ramani zao mapema, na natamani mkazi wa eneo lisilo na meya wala diwani naye awepo siku hiyo, aonyeshe kwa kidole mtaa wake unapoanzia na unapoishia.