Banda Singh Bahadur na Waislamu 5,000

Waandishi wa dola ya Wamoghul, wafalme Waislamu waliotawala India, akiwamo mwanahistoria Khafi Khan, walimchora Banda Singh Bahadur, kiongozi wa uasi wa Singasinga dhidi ya dola hiyo, kama mwuaji aliyekusudia kuufuta Uislamu Punjab. Kwa Singasinga ni shujaa na shahidi. Sura ile ya kwanza ndiyo inayonikera, kwa sababu karatasi za dola hiyohiyo zinaipinga.

Lililo zito nisilikwepe. Katika mji wa Samana, mwishoni mwa 1709, damu nyingi ilimwagika. Mji wa Sadhaura vilevile. Mei 1710 jeshi lake lilimwua Wazir Khan, liwali wa Sirhind, katika mapigano ya Chappar Chiri, kisha mji wake ukatekwa na kuporwa, na waliokufa humo si wote walioshika silaha. Sababu inajulikana: liwali huyo ndiye aliyeamuru wauawe watoto wawili wadogo wa Guru Gobind Singh, kiongozi wa kumi wa dini ya Singasinga. Lakini kosa la liwali halihalalishi damu ya muuza duka. Anayesema hivyo yuko sahihi, na sina la kumjibu.

Ninapoachana naye ni pale anapoigeuza damu hiyo kuwa ushahidi kwamba vita vyote vilikuwa vya dini kwa dini. Taarifa iliyofika kwa Bahadur Shah, mfalme wa Wamoghul, Aprili 1711 inasema Banda ameahidi kutowaonea Waislamu, anawalipa posho wanaojiunga naye, amewaachia swala na hotuba zao, na tayari Waislamu 5,000 wamekusanyika kwake. Tazama ni nani anayesema. Si mfuasi wake, ni mpasha habari wa serikali. Huenda alizidisha idadi, maana hofu huzidisha maadui. Haya, tuipunguze hata kwa nusu. Bado linabaki lile la swala, na mpasha habari wa mfalme alikuwa na faida gani kubuni jema kama hilo kwa adui? Tena miezi michache tu kabla ya hapo, Desemba 1710, mfalme alikuwa ametoa amri kwamba wafuasi wa Nanak, mwanzilishi wa dini ya Singasinga, wauawe popote watakapoonekana. Amri ya kuua watu kwa imani yao ilitoka kasri, na upande wa waasi ndiko Mwislamu alikoandikishwa akalipwa na kuachiwa ibada yake.

Waliwafuata waasi kwa sababu gani? Mimi naona ni ardhi. Kule alikotawala Banda, makabaila waling'olewa na mashamba yakawa ya wanaoyalima, na watu wa tabaka za chini kabisa, wafagiaji na mafundi wa ngozi, wakapewa madaraka juu ya waliowadharau. Mkulima wa Kiislamu aliyekamuliwa na kabaila wa Kiislamu alielewa hesabu hiyo upesi. Naye Banda, aliyekuwa mtawa wa Kihindu huko Nanded hadi Guru Gobind Singh alipomkuta 1708, hakujitafutia utukufu: sarafu za utawala wake zilipigwa kwa majina ya Guru Nanak na Guru Gobind Singh, lake halimo.

Desemba 1715, baada ya miezi minane ya kuzingirwa na njaa katika kijiji cha Gurdas Nangal, Banda alikamatwa. Yeye na wenzake zaidi ya 700 wakapelekwa Delhi, na Machi 1716 wafungwa wakaanza kukatwa vichwa, mia kwa siku. Yeye mwenyewe aliuawa Juni, pamoja na mwanawe mdogo. Aliyesilimu angeachiwa. Wajumbe wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, John Surman na Edward Stephenson, waliokuwa mjini humo, waliandika kwamba hakupatikana hata mmoja aliyeikana imani yake. Khafi Khan, ambaye hana neno jema kwa Banda, anasimulia habari za kijana ambaye mama yake alimpatia msamaha kwa kudai kwamba alikuwa mateka tu wa Singasinga. Kijana akasema mama anadanganya, akarudi kuuawa pamoja na wenzake. Kama hao walikuwa genge la waporaji tu, Khafi Khan hakutueleza kwa nini kijana huyo hakuuchukua msamaha akaenda zake.